Geany kwenye faili la mistari elfu sita: kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kunakopima edita

Mimi hutunza mifumo ambayo walioiandika wameshaondoka. Sacco za matatu, chama cha akina mama wauza vitambaa hapa Ngara, shule za binafsi upande wa Kasarani: kila mmoja ana mfumo wake wa kompyuta ulioandikwa zamani kwa lugha ya PHP na kijana fulani, kijana akapata kazi yenye mshahara mnono Upper Hill au akaenda ng'ambo, mfumo ukabaki na wanachama wake, madeni yake na hitilafu zake. Kwa hiyo kuandika ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu. Sehemu kubwa ni kusoma.

Na msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mtu mwingine hausomwi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Unaona fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) imeitwa, unataka kujua inafanya nini, unakwenda pale ilipoandikwa. Huko unakuta nayo inaita nyingine, unaifuata. Baada ya hatua nne au tano umefika chini kabisa, kwenye fankisheni ndogo inayohesabu siku kati ya tarehe mbili, na sasa unatakiwa kupanda tena hadi ulipoanzia, bila kusahau katika kila hatua ulikuwa unatafuta nini.

Ndiyo maana ninapoipima edita, yaani programu ya kusomea na kuandikia msimbo, rangi zake na mapambo yake hayanishughulishi. Nauliza itanifikishaje kwenye fankisheni na, kwa uzito zaidi, itanirudishaje. Kwenda, karibu edita zote zimejifunza. Kurudi ndiko kunakowapoteza watu, na aliyepotea ndani ya mfumo wa pesa za watu huishia kubahatisha. Mimi siko tayari kubahatisha na akiba ya dereva wa matatu.

Edita ninayoitolea maoni hapa ni Geany, kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na Enrico Tröger, ni ya bure, na leseni yake ni ile huria ya GPL. Toleo la 2.0 lilitoka tarehe 19 Oktoba 2023, siku mradi wenyewe ulipotimiza miaka 18. Ndani yake mna Scintilla, kile kipande cha programu kinachoonyesha na kuhariri maandishi, ambacho Notepad++ pia hukitumia, kwa hiyo aliyezoea Notepad++ kwenye Windows hatajihisi mgeni sana. Ila Notepad++ ni ya Windows, na Geany inakubali Linux pia.

Naitumia kwenye ThinkPad niliyoinunua Luthuli Avenue, zile zinazoletwa zikiwa zimeshatumika ofisi za Ulaya, yenye RAM ya GB 4 na Linux Mint. Kivinjari changu lazima kiwe wazi mchana kutwa kwa sababu ya phpMyAdmin, ninakoangalia hifadhidata, na kurasa za Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, nacho peke yake kinakula kumbukumbu kweli kweli. VS Code, edita ya Microsoft, imejengwa juu ya Electron, maana yake inakuja na kivinjari kizima cha Chromium ndani yake. Ukiwasha vyote viwili kwenye mashine kama hii, feni inapiga kelele na herufi zinachelewa kutokea baada ya kuziandika. Geany inafunguka mara moja na inakaa kimya. Stima ikipotea mchana, kama inavyopotea, na umebaki na betri peke yake, utaona faida yake vizuri zaidi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Ukifungua faili la PHP, upande wa kushoto utaona kichupo cha Symbols. Humo Geany inakupangia yote yaliyotangazwa ndani ya faili: klasi, fankisheni, konstanti, vigeu (majina yanayobeba thamani), kila aina chini ya kichwa chake, na kando ya kila jina namba ya mstari. Bonyeza jina, kishale kinatua hapo. Orodha hiyo inajisasisha unapoandika. Huhitaji kuhifadhi faili kwanza. Vigeu ni vingi na huijaza orodha bila faida, kwa hiyo mimi huwa nakikunja kichwa chao mara tu ninapofungua.

Ukibonyeza orodha hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua ipangwe kwa alfabeti au kwa jinsi majina yanavyofuatana ndani ya faili. Watu wengi huenda moja kwa moja kwenye alfabeti. Mimi, faili likiwa geni, kamwe. Mpangilio wa faili ni fikra za aliyeliandika. Kwenye mfumo wa sacco moja ninayoihudumia, mwandishi alikuwa ameweka mambo ya uanachama pamoja, kisha hisa, kisha mikopo, kisha ripoti, halafu mwisho kabisa, mbali na mikopo yenyewe, fankisheni za faini. Kabla sijasoma mstari hata mmoja nilishajua faini ziliongezwa baadaye, mfumo ukiwa tayari unatumika. Orodha ya alfabeti ingezichanganya faini na fomu na faili, na habari hiyo ingepotea. Alfabeti naihitaji pale ninapojua jina ninalolitafuta, na hata hapo, tangu toleo la 2.0 kuna kisanduku cha kuchuja: naandika "riba" na yanabaki majina yenye riba tu.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kwenda. Ya pili ndiyo ninayoitumia siku nzima: weka kishale juu ya jina la fankisheni pale linapoitwa, bonyeza Ctrl na T, umefika inapoandikwa. Mwenye kupenda kipanya ashike Ctrl na kubonyeza jina lenyewe.

Nitaeleza kazi moja ili ieleweke kwa nini nashikilia hili la kurudi.

Sacco hiyohiyo. Faili linaitwa functions.php, kama yanavyoitwa mafaili ya namna hiyo kila mahali, na lina mistari kama elfu sita. Majina ya fankisheni ni mchanganyiko wa lugha za aliyeandika: pokeaMalipo, getMember, hesabuRiba, tumaSms. Malalamiko yaliyofika ofisini yalikuwa ya mwanachama aliyelipa shilingi 500 za mkopo kwa M-Pesa. Ujumbe wa uthibitisho anao kwenye simu, pesa zimeingia kwenye akaunti ya sacco, lakini deni lake halijasogea hata shilingi.

Nilianzia pale Daraja inapoleta jibu la malipo. Jibu hilo huja na ResultCode: 0 ikiwa mteja amelipa, 1032 ikiwa ameghairi mwenyewe kwenye simu. Fankisheni inayolipokea ni pokeaMalipo. Ilikuwa inaisoma ResultCode sawasawa, inatumia CheckoutRequestID kujua ombi lilikuwa la nani, kisha inaita gawanyaMalipo. Ctrl na T, nikafika huko, mistari kama elfu mbili chini zaidi. Katikati ya gawanyaMalipo ikaitwa hesabuRiba. Ctrl na T. Ndani ya hesabuRiba ikaitwa sikuZilizopita. Ctrl na T tena.

Nikaisoma sikuZilizopita. Inahesabu vizuri, hata Februari ya mwaka mrefu. Nikarudi hatua moja, nikatua kwenye mstari uleule wa hesabuRiba ulionipeleka. Riba nayo ni sahihi, asilimia ni ileile iliyo kwenye sheria ndogo za sacco. Nikarudi hatua nyingine, hadi katikati ya gawanyaMalipo, juu ya neno hesabuRiba nililokuwa nimeondokea. Na mstari uliofuata, mmoja tu chini ya kishale, ndio uliokuwa na jibu: malipo yanakatwa kwanza faini zote za kuchelewa, halafu riba, na kinachobaki ndicho kinachopunguza mkopo. Mwanachama yule alikuwa na faini za miezi kadhaa. Shilingi zake 500 zote zilimezwa na faini, na hakuna mahali kwenye risiti palipomweleza hivyo.

Kwa hiyo kasoro niliyoifuata hadi chini ilikuwa imekaa kando ya mlango niliotokea. Gurudumu la kipanya lingenirudisha mahali fulani karibu, kwenye kichwa cha gawanyaMalipo pengine, nianze kuisoma upya nikiwa na uchovu na kumbukumbu nusu. Geany ilinirudisha mstari uleule. Uamuzi wa kubadilisha mpangilio wa makato haukuwa wangu, ulikwenda kwa kamati ya sacco, lakini niliweza kuwapelekea maelezo kamili ya njia ambayo shilingi zilipita, fankisheni kwa fankisheni, kwa sababu niliipita njia hiyo kwenda na kurudi bila kupoteza hatua.

Kurudi huko kunafanywa na vitufe viwili vyenye mishale vilivyo kwenye upau wa juu, kimoja cha kurudi nyuma na kingine cha kwenda mbele. Kila unaporukia fankisheni, unapobonyeza jina kwenye Symbols, au unapobonyeza tokeo la utafutaji chini ya dirisha, Geany inaandika ulikotoka na ulikofika. Kusogea kwa gurudumu hakuandikwi, nami naunga mkono. Nikikagua mistari hamsini juu na hamsini chini kwa macho, hilo si safari mpya, bado niko palepale kimawazo.

Hapa ndipo ninapoilinganisha na VS Code, na nitasema haki yake. VS Code inakumbuka vituo vingi mno: ulipobofya, ulipohariri, ulipopita. Ukibonyeza kurudi, mara nyingi unapelekwa mistari michache juu ya hapo ulipo, kwa sababu tu uligusa hapo dakika iliyopita. Ipo amri ya kurudi kwenye mirukio pekee, lakini lazima uitafute na kuipa kitufe mwenyewe. Halafu kitufe cha kurudi kwenye Linux ni Ctrl, Alt na kistari, vidole vitatu kwa jambo unalolifanya kila dakika, ilhali kwenye Windows ni Alt na mshale wa kushoto tu.

Lakini VS Code ina elimu ambayo Geany yenyewe, bila programu-jalizi, haina, na anayethamini muda wake lazima aijue tofauti hii. Geany inatafuta jina. Inatumia wachanganuzi wa ctags, ukoo wa zamani ulioanzia kwenye Unix ya BSD na kazi ya Ken Arnold, ukaendelezwa na Darren Hiebert kwa jina la Exuberant Ctags, na leo unaitwa Universal Ctags. Ctags inapita kwenye faili, inaokota majina na mistari yake, basi. Haijui kigeu fulani kimebeba nini. Mfumo wangu mwingine una klasi Mkopo, Mwanachama na Hisa, na kila moja ina fankisheni inayoitwa hifadhi. Nikiwa juu ya $mkopo->hifadhi(), Geany inanifungulia orodha ya hifadhi zote na kuniachia nichague. Kwa klasi tatu si neno. Kwa klasi arobaini ni kero ya kweli.

VS Code huzungumza na seva ya lugha, kwa utaratibu uitwao LSP ambao Microsoft waliutangaza mwaka 2016 pamoja na Red Hat na Codenvy. Seva hiyo inausoma mradi mzima na kufuatilia aina za vigeu, kwa hiyo F12 inakupeleka kwenye hifadhi ya Mkopo moja kwa moja. Ndani ya faili moja, Ctrl, Shift na O inakuletea majina yote ya humo, na ukiongeza nukta mbili yanapangwa kwa aina. Na kuna kitu kimoja ninachokionea wivu kabisa: unaposhuka ndani ya fankisheni ndefu, mstari wa jina lake unabaki umeganda juu ya skrini. Laiti Geany wangekichukua. Mwenye laptopu ya GB 16 na mradi wa Laravel (kiunzi cha kujengea mifumo ya PHP) wenye mafaili maelfu, mimi mwenyewe ningemwambia atumie VS Code.

Maana udhaifu mkubwa wa Geany ni huu: bila programu-jalizi, inajua majina yaliyo ndani ya mafaili uliyoyafungua tu. Fankisheni ikiwa kwenye faili ambalo hujalifungua, Ctrl na T inakujibu kwamba haikuipata, ingawa ipo kwenye folda hiyohiyo. Mtu mpya anaweza kudhani haipo kabisa. Dawa yangu ni kuyafungua yote tangu mwanzo: nasimama kwenye folda ndani ya terminali, naandika geany *.php, kisha naihifadhi kama mradi ili kesho vichupo vyote virudi. Kwa mfumo wa mafaili hamsini sitini, kama ilivyo mingi ninayoitunza, mambo yanakwenda vizuri. Zaidi ya hapo vichupo vinakuwa msitu.

Vim, edita inayoendeshwa ndani ya terminali, siwezi kuiacha, kwa sababu kwenye seva za wateja ninaingia kwa SSH, yaani kwa amri za maandishi kutoka mbali, na huko hakuna madirisha wala kipanya. Nayo kwa kurudi ndiyo bora kuliko zote, nasema bila kusita. Unaandika ctags -R . mara moja kwenye folda, faili la tags linaundwa, na toka hapo Ctrl na ] inakupeleka kwenye fankisheni hata kama faili lake halijafunguliwa. Kurudi kuna njia mbili zilizotenganishwa. Ctrl na T inarudi kwenye mlolongo wa fankisheni ulizozirukia pekee. Ctrl na O inarudi kwenye mirukio mikubwa ya kila aina, utafutaji ukiwamo. Na ukiandika :tags, Vim inakuorodheshea mlolongo mzima: ulianzia mstari gani, faili gani, ukaenda fankisheni ipi, ukatoka tena kwenda ipi. Unaiona njia yako yote mbele ya macho. Kwenye kazi ya ile shilingi 500, orodha hiyo ingekuwa ndiyo ripoti yangu kwa kamati, nusu yake imeshaandikwa.

Tatizo la kutumia zote mbili ni vidole. Ctrl na T kwenye Geany ni kwenda. Ctrl na T kwenye Vim ni kurudi. Na kwenye VS Code hiyohiyo hufungua kisanduku cha kutafuta jina katika mradi mzima. Anayehama kati ya laptopu yake na seva ya mteja atasumbuka hadi azoee. Pia faili la tags la Vim halijisasishi lenyewe. Ukiongeza fankisheni, unaliunda upya.

Na kwa kuwa nimeitaja Vim, sitapita bila kumtaja Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kuiangalia hadi alipofariki Agosti 2023. Hakudai pesa. Aliomba tu wanaoipenda wasaidie watoto wa Kibaale, eneo la Rakai kusini mwa Uganda, na kwa miaka mingi ukiifungua Vim bila faili ombi hilo ndilo lililokupokea. Watu wa dunia nzima waliowahi kuifungua walilisoma jina la majirani zetu kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Mimi hilo linanigusa kila mara.

Turudi kwa Geany, kwa sababu kuna upande mwingine wa safari: si fankisheni hii inaita nani, bali nani anaiita. Muhula uliopita nilikuwa na kijana wa atachimenti, mwerevu na mwenye haraka. Siku moja akanionyesha fankisheni iitwayo hesabuRibaMaalum.

"Madam, hii haitumiki popote. Niifute?"

"Umeangalia nani anaiita?"

"Nimeangalia faili hili lote."

Nikamwonyesha Ctrl, Shift na E: kishale kikiwa juu ya jina, Geany inatafuta neno hilo katika mafaili yote yaliyofunguliwa na kuyaorodhesha chini, kila mstari ukibonyezeka. Ctrl, Shift na D inatafuta ndani ya faili moja tu, ambalo ndilo alilokuwa amefanya kwa macho. Matokeo yakaja: jina lenyewe pale lilipoandikwa, hakuna pengine. Akatabasamu, akawa tayari kufuta.

Nikamwambia asubiri, atafute hesabuRiba peke yake, bila kudai neno zima. Ikajitokeza kwenye faili la ripoti, ndani ya alama za nukuu: $jina = 'hesabuRiba' . $aina; na mstari uliofuata ukawa $jina($mkopo). PHP inaruhusu hivyo, jina la fankisheni likiunganishwa kutoka vipande wakati programu inaendeshwa. Aina ya mkopo ikiwa Maalum, inayoitwa ni hesabuRibaMaalum. Kitu kama hicho Geany haikioni, ctags haikioni, na hata seva ya lugha haina la kushika hapo. Kwenye mifumo ya zamani ya PHP mambo haya ni ya kawaida, na ndiyo sababu utafutaji wa maandishi matupu, Ctrl, Shift na F katika folda nzima, bado ni sehemu ya kazi hata ukiwa na edita ya aina gani.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenikumbusha thamani ya kitu kimoja kidogo. Aliposogea sana kwa gurudumu alikuwa akiuliza, "Madam, sasa niko kwenye fankisheni gani?" Chini kabisa ya dirisha la Geany, baada ya namba ya mstari na aina ya faili, kuna neno scope, na mbele yake jina la fankisheni ambayo kishale kiko ndani yake. Akaacha kuuliza. Ni herufi ndogo pembeni na wengi hawaioni kamwe, lakini kwa anayejifunza ni nguzo. Kumbuka tu inafuata kishale, haifuati macho: bonyeza kwanza mahali unaposoma, ndipo usome jina.

Mengine nayapitia haraka. Ctrl na B inakurusha kutoka bano la kufungua hadi la kufunga, na kwa fankisheni ndefu ndiyo njia ya kujua inaishia wapi. Ctrl na M inaweka alama kwenye mstari, kisha Ctrl na nukta au Ctrl na koma inakuzungusha kati ya alama zako. Nazitumia ninapolinganisha sehemu mbili za faili moja, ingawa alama hupotea ukifunga faili, kwa hiyo si za kutegemea hadi kesho. Kukunja fankisheni kwa alama zilizo pembeni ya namba za mistari kunafanya kazi, mimi tu sina mazoea nako.

Naipa nyota nne kati ya tano kwa mtu mwenye kazi kama yangu: mafaili machache lakini marefu, laptopu ya kawaida, na msimbo wa watu wengine. Nyota ya tano ningeitoa kama ingetafuta jina katika folda nzima bila kulazimika kufungua kila faili, na kama ingenionyesha mlolongo wangu kama :tags ya Vim.

Ukitaka kuijaribu kwenye Ubuntu au Mint, ni sudo apt install geany, na haitakula bando lako. Kisha kabla hujafungua faili la kazi, ingia menyu ya Edit, Preferences, halafu Keybindings, tafuta panapoandikwa Navigate back a location na uhakikishe pana kitufe ambacho mkono wako unakifikia bila kuangalia. Changu ni Alt na mshale wa kushoto, na mshale wa kulia kwa kwenda mbele. Vile vitufe vya mishale vya upau wa juu vinafaa kwa kuonyesha mgeni, ila kwa kurudi mara kwa mara utahitaji vidole vibaki kwenye kibodi.